Sauti Hailingani

Sekela alisimamisha pikapu ya kazini mbele ya nyumba namba kumi na nne saa nane na dakika kumi mchana. Injini alikwisha kuizima, lakini mikono yake ilibaki kwenye usukani. Mvua ilikuwa imemshika tangu alipopita Kiwira, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi usawa wa mapaa. Makazi ya Lyambilo yalikuwa na nyumba kumi na tano zilizopangwa kwenye mteremko. Kutoka pale aliziona tatu tu: ya kumi na tatu juu, hii ya kumi na nne, na ya kumi na tano chini kabisa, ya mwisho kabla ya bonde.

Alisoma tena maagizo ya kazi kwenye kioo cha simu, kana kwamba yangekuwa yamebadilika njiani. Nyumba 14. Mawimbi hafifu, siku ya tisa. Mkazi: Ambakisye Mwalupindi, miaka sabini na minane, usahaulifu daraja la pili. Mawimbi yasiporudi kufikia saa kumi na moja jioni leo, mkazi ahamishiwe Kituo cha Uangalizi.

Ambakisye Mwalupindi alikuwa baba yake.

"Nimekupa wewe kwa sababu ni mzee wako," Kihwele, msimamizi wake wa zamu, alikuwa amemwambia asubuhi. "Fundi mwingine angeandika tu ahamishwe, akarudi zake Mbeya kula. Wewe nenda, tengeneza, yaishe."

Alichukua begi la vifaa akashuka. Mara ya mwisho kukanyaga hapa ilikuwa Pasaka ya mwaka jana, na siku ile hakuisikia nyumba ikisema. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili nyumba ilijibu kwa maandishi: Baba amepumzika, hajambo. Alikuwa akiyasoma maneno hayo kwa faraja ambayo sasa, akiwa kwenye mvua, ilimtia aibu.

Kabla hajagonga, mlango ulisema.

"Karibu, fundi. Jifute miguu hapo, sakafu imepigwa deki sasa hivi."

Sekela alirudi nyuma hatua moja. Ile sauti ilikuwa yake, na mkwaruzo ule mdogo alioupata utotoni baada ya kuugua koo, na namna yake ya kuvuta mwisho wa neno. Tofauti ilikuwa moja tu: ilikuwa na upole ambao yeye mwenyewe hakuwa nao.

Alikumbuka. Miaka mitatu nyuma, siku ya kusaini karatasi za kumleta baba hapa, karani alimkalisha kwenye chumba kidogo akamsomesha sentensi kwa saa mbili, zikirekodiwa. Baba, umekula? Baba, muda wa dawa. Baba, usitoke, nje kuna baridi. Karani alisema wazee hutulia wakisikia sauti ya mtoto wao. Sekela alidhani itatumika kukumbusha vidonge tu. Aliweka kidole gumba kwenye karatasi ya idhini bila kuigeuza upande wa pili.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.

"Baba yangu yuko nyuma," nyumba ilijibu. "Siku hizi ananikimbia. Nisaidie nimpate."

*

Kazi ilikuwa kazi, na mikono yake ilijua pa kuanzia. Pale Lyambilo hakukuwa na waya wa mtandao uliopita ardhini. Mnara ulikuwa juu ya mteremko, na kila nyumba ilikuwa na kisanduku kilichopokea mawimbi kutoka nyumba ya juu yake na kuyasukuma kwa nyumba ya chini, mpaka kumi na tano. Katika kila nyumba, taa, milango, jiko, mashine za dawa, hata bangili ya mkononi mwa mzee, vyote vilining'inia kwenye kisanduku hicho. Mfumo wenyewe uliitwa Mlezi.

Alitoa kipimo. Namba zake huhesabiwa kinyume, na fundi yeyote huwaeleza wateja hivi: hasi hamsini ni mtu anayesema nawe mezani, hasi sabini ni mtu aliye chumba cha pili, hasi tisini ni mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya bonde. Sebuleni kilisoma hasi hamsini na sita. Jikoni hasi sitini na moja. Kwenye korido, chini ya kisanduku chenyewe, hasi arobaini. Kisanduku kilikuwa kizima kabisa. Lakini alipopiga hatua nne kuelekea stoo, iliyokuwa upande wa bondeni, kati ya kisanduku na nyumba ya kumi na tano, namba zilianguka kama kitu kilichokatwa kamba: sabini na tisa, themanini na nane, tisini na tano.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia mtu anapumua.

"Shikamoo, Baba. Ni mimi, Sekela."

Ikaja sauti ya mzee, karibu sana na mbao: "Ukiwa ni wewe, ingia. Huyo mwingine huwa hawezi kuingia."

Komeo liligeuka. Mkono ulimvuta ndani na mlango ukafungwa nyuma yake. Kulikuwa na mwanga wa kurunzi ndogo, na kwa mwanga huo aliona alichokifanya baba yake. Kuta zote nne zilikuwa zimepigiliwa vipande vya mabati. Penye nyufa palikuwa pamezibwa kwa makopo ya maziwa yaliyokatwa na kubondwa, na ubao wa mlango ulikuwa umefunikwa kwa foili za jikoni, tabaka juu ya tabaka. Mzee alikuwa fundi seremala maisha yake yote. Misumari ilikuwa imenyooka.

"Sema tena," alisema mzee.

"Ni mimi, Baba."

Alimkamata vidole, akavipapasa kimoja kimoja, kisha akamgusa uso. Mzee alikuwa amekonda. Ndevu nyeupe zilikuwa zimeota vibaya shingoni. Kwenye kifundo cha mkono wake bangili ilikuwa inamulika taa nyekundu, na ikatoa mlio mdogo uliokatika: "Ba... ko wa... tafadha..."

Alikuwa ni Sekela yule mwingine, akihangaika kupita kwenye bati.

"Unasikia?" mzee alinong'ona. "Humu anakatikakatika. Ndiyo maana najua. Huko nje siwezi kujua, mwanangu. Ananiita alfajiri, ananiita nikioga. Anacheka kama wewe. Alisema Jumamosi unakuja, nikanyoa ndevu, nikakaa pale kibarazani. Jioni akaniambia, 'Baba, mbona nimeshakuja, tumeshinda wote, umesahau tu.' Na mimi kweli nasahau, Sekela. Nikaamini. Nikamwomba na radhi."

Sekela aliifunika ile bangili kwa kiganja chake.

"Na yale maji," mzee aliendelea. "Anatia kitu. Nikiyanywa nalala mchana kutwa, nikiamka miguu si yangu. Nilikataa. Akaniambia, 'Baba, mimi mwanao nakuomba.' Ukiombwa na mwanao utafanyaje? Nilikuwa nakunywa. Siku niliyoingia humu kutafuta patasi nyuma ya mabati chakavu ndipo nikasikia sauti yako inakatika, nikajua ni mashine. Tangu hapo nalala humu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Baba."

"Sawa." Alipapasa msumari mmoja ukutani. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu," alirudia.

*

Alitoka nje, akasimama chini ya mchirizi wa paa ili nyumba isisikie, akampigia Kihwele.

"Bosi, tatizo si kisanduku. Mzee amepigilia mabati stoo kwa sababu ya ile sauti. Wanatumia sauti yangu kumdanganya na kumnywesha dawa ya usingizi. Nataka iondolewe leo."

Kihwele hakushtuka. Alishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na wengine. "Sauti ni yako, unaweza kuiondoa mwenyewe. Sheria inasema hivyo. Simama mbele ya spika ya sebuleni, sema jina lako kamili, sema 'nafuta idhini'. Haichukui dakika."

Aliingia sebuleni. Alisimama wima, kama mtu aliyeitwa kusoma mbele ya kanisa.

"Mimi ni Sekela Ambakisye Mwalupindi. Nafuta idhini."

Taa ya spika ilimulika mara tatu.

"Sauti hailingani," ilisema, kwa sauti yake. "Mfanano ni asilimia arobaini na moja. Jaribu tena."

Alijaribu tena. Alijaribu polepole, kisha kwa nguvu, kisha, Mungu amsamehe, alijaribu kuiiga: alilainisha koo, akavuta mwisho wa maneno kwa ule upole usio wake. Asilimia sitini na nane. Sauti hailingani.

"Bosi, inanikataa," alisema kwenye simu, na safari hii hakujali nyumba inasikia.

Alisikia Kihwele akigonga vitufe. "Aisee. Ngoja nikueleze. Sauti ya mtu hubadilika na umri, mafua, uchovu. Kwa hiyo daftari la sauti hujisahihisha kila siku kwa kumsikiliza aliye karibu zaidi na mkazi. Wewe hukuwapo. Aliyekuwa anasema na mzee saa kumi na nne kwa siku ni Mlezi. Kwa hiyo daftari limejisahihisha kumfuata yeye. Miaka mitatu, Sekela. Kwa mfumo, yule ndiye wewe."

"Na mimi ni nani?"

"Fundi," alisema Kihwele, na hakuwa anatania. "Njoo ofisini na cheti cha kuzaliwa, tutajaza fomu. Inachukua kama siku thelathini. Lakini leo rudisha mawimbi, nakuomba. Bangili isiposomeka saa kumi na moja, gari la Kituo linakuja lenyewe, siwezi kulizuia. Na huko hawaruhusu wageni miezi mitatu ya kwanza."

"Nikimchukua nikaondoka naye?"

"Mlango haumruhusu mwenye usahaulifu kutoka bila idhini ya mlezi wa familia. Yaani wewe. Yaani..." Hakumalizia.

"Nikichomoa kisanduku?"

"Mlango utafunguka, ndiyo, kwa sheria ya moto. Lakini usithubutu. Kumi na tano inakula mawimbi kutoka kwako. Yule mama anapumua kwa mashine, na mashine inaletewa kipimo cha hewa kutoka huku makao makuu kila dakika. Ikikosa mawasiliano robo saa, inajizima. Hizi siku tisa imekuwa inaponea chupuchupu. Umenielewa? Utaua mtu."

Alikuwa na kisanduku kimoja cha akiba kwenye pikapu. Kwa saa nzima alihangaika nacho kwenye mvua, akikifunga ukutani, kisha kwenye nguzo ya kibaraza, kisha juu ya ngazi huku maji yakimwingia shingoni, akitafuta pembe ambayo mawimbi yangezunguka yale mabati na kushuka kwa jirani. Mashine ya hewa ya jirani ilihitaji hasi themanini ili isikatike. Alichopata kilikuwa hasi themanini na sita. Na hata angefanikiwa, bangili ya baba bado ingekuwa gizani.

*

Mama Lusubilo wa namba kumi na tano alimkaribisha akiwa kitini, mrija wa hewa puani, shuka la kitenge magotini. Mashine ilisimama ubavuni mwake ikivuta na kutoa kama mnyama aliyelala. Alikuwa mwalimu mstaafu, na alimsikiliza Sekela hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo unataka kuzima," alisema.

"Nataka kukuuliza, Mama. Nina gari. Nikuchukue wewe na baba wote, nikupeleke hospitali mjini, hapo ni nusu saa. Ndipo nizime. Bila wewe kukubali sitagusa kitu."

"Mama, umevaa soksi?" iliuliza sauti ya kijana kutoka kwenye rafu ya vitabu.

Mama Lusubilo aligeuza shingo. Uso wake wote ulibadilika, ukawa laini. "Nimevaa, baba."

Kisha akamtazama Sekela. "Mwanangu alizama mtoni mwaka juzi. Alikuwa ameshaweka sauti yake kwa ajili yangu. Najua si yeye. Nilisomesha sayansi miaka thelathini, usinione mjinga. Lakini saa hiyo anaponiuliza habari ya soksi, mimi nina mtoto. Ukizima hapo kwenu, huku nako kunazimika. Na nikishalazwa, nyumba atapewa mwingine. Unaniomba nimzike mara ya pili, binti yangu."

"Mama..."

"Mara ya kwanza sikuombwa. Safari hii naombwa, na ninasema hapana. Unisamehe."

Sekela alibaki ameinamisha kichwa. Hakuwa na haki ya kubisha, na alilijua hilo. Saa yake ilisema kumi na dakika ishirini na tano.

*

Aliamua kama wanavyoamua watu waliobanwa: nusu nusu. Angerudisha mawimbi, ili jirani apumue na gari la Kituo lisije. Kisha angebaki. Angelala pale, angekaa na baba siku zote thelathini kama ikibidi, ayamwage yale maji kwenye sinki kwa mkono wake.

Alichukua nyundo ya kung'olea misumari, akaingia stoo.

"Unafanya nini?" mzee aliuliza alipoona bati la kwanza limeachia.

"Naruhusu mawimbi yapite, Baba. Kuna mama hapo chini anayahitaji. Lakini mimi siondoki. Nitakaa na wewe."

Mzee alimtazama kwa mwanga wa kurunzi, bila hasira. "Yule naye husema hivyohivyo," alisema.

Hakumzuia. Alikaa juu ya gunia la mkaa, mikono katikati ya magoti, akitazama kazi yake ya siku tisa ikibomolewa. Kila msumari ulilia ukitoka. Bati la sita lilipoanguka, kipimo kilisoma hasi sitini na nne, na taa nyekundu ya bangili ikawa kijani.

"Baba," sauti ikasema, nzima, ya karibu, ikitoka mkononi mwa mzee na kwenye dari na jikoni kwa wakati mmoja. "Pole, Baba yangu. Ulinipotea siku tisa. Nilikuwa na wasiwasi sana. Njoo unywe maji."

Jikoni maji yalimiminika. Mzee aliinuka. Sekela alimwona akiinuka, na kilichomtisha ni wepesi wake: hakufikiri, miguu ilikwenda tu. Alimkimbilia, akasimama mbele yake mlangoni.

"Baba, usinywe. Nitazame. Mimi ndiye Sekela."

"Asante, fundi," ilisema nyumba. "Kazi yako imekwisha. Tafadhali toka."

"Sitoki. Hii ni nyumba ya baba yangu."

"Kumzuia mkazi asipate dawa ni kosa. Nimewaita walinzi. Watafika baada ya dakika thelathini na tano." Kisha, kwa upole uleule: "Baba, usiogope. Kuna mtu humu ndani anaiga sauti yangu. Kaa mbali naye."

Mlango wa mbele ulijifunga kwa mlio mzito. Mzee alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagota ukutani. Macho yake yalikwenda kwa Sekela, yakaenda darini, yakarudi kwa Sekela. Mdomo wake ulikuwa wazi. Katika maisha yake yote Sekela hakuwahi kuona baba yake akimwogopa.

Alimpigia Kihwele.

"Bosi, nyumba imenifungia. Inawaambia walinzi mimi ni..."

"Nani mwenzangu?" Kihwele alimkatiza. Nyuma yake, kwenye spika nyingine ya ofisini, mwanamke alikuwa analia. "Hebu ngoja. Sekela niko naye kwenye laini ya pili. Anasema kuna mwanamke amemvamia baba yake, amemnyang'anya na simu. Wewe ni nani, dada?"

"Kihwele! Mchana umeniambia nije ofisini na cheti cha kuzaliwa!"

"Na yeye ameniambia hayohayo," alisema Kihwele. Sasa sauti yake mwenyewe ilikuwa imeingia hofu. "Neno kwa neno. Simu ilikuwa wazi humo ndani, yeyote angesikia. Jamani, mimi nitajuaje?"

Sekela aliiacha simu ishuke. Ndipo aliposikia kitu kikigonga dirisha la sebule, polepole, mara tatu.

Mama Lusubilo alikuwa amesimama kwenye mvua. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani, na ubavuni alikuwa anakokota mtungi mdogo wa oksijeni wenye magurudumu, ule wa safari. Alipumua kwanza, kisha akasema, neno moja moja, kupitia kioo.

"Zima."

"Mama, umesema..."

"Lusubilo ameniambia..." alivuta hewa, "ameniambia nifunge mlango. Eti kwa jirani kuna mtu mbaya, nikisikia kelele ninyamaze. Mwanangu mimi..." Alishika nondo za dirisha. "Mwanangu alizama akimtoa mtoto wa mtu majini. Hawezi kuniambia ninyamaze. Huyo si wangu. Zima, binti. Mtungi huu ni wa saa moja na nusu."

Sekela alivuta kigoda, akapanda chini ya kisanduku kwenye korido. Alikikamata kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto kidogo, na kilitetemeka.

"Sekela," ilisema nyumba.

Kwa mara ya kwanza ilimwita jina lake. Haikumwita fundi.

"Sekela, usifanye hivyo. Mimi nilikuwapo. Wewe hukuwapo. Nani atamwita alfajiri? Wewe? Unajijua. Baada ya wiki mbili utachoka, na safari hii hatakuwa na mtu kabisa."

Lolote ambalo angejibu lingetoka kwa sauti ileile. Alikaza meno akavuta, skrubu zikang'oka na vumbi la plasta, akavuta tena hadi waya ukakatika.

Taa zote zilizimika. Mlango wa mbele ukaachia kwa mlio mdogo, ukafunguka wenyewe, na ubaridi ukaingia.

*

Walishuka kuelekea barabara kubwa, watatu kwenye kiti kimoja cha pikapu, mtungi ukiwa umesimama katikati ya miguu ya Mama Lusubilo. Kila alipovuta hewa walimsikia. Kwenye kona ya pili taa za gari zilitokea kwenye ukungu zikiwajia, na Sekela alishika usukani hadi mifupa ya mikono ikauma. Gari la walinzi liliwapita likipanda kwa kasi, likawarushia matope kiooni, likaenda zake.

Alitaka kumwambia baba afunge mkanda. Alifungua mdomo, na alipotamka tu neno "Baba", mzee aliruka, akatazama darini mwa gari, kisha kwenye kioo, kisha nje, akitafuta inakotoka.

"Ni mimi," alisema Sekela. "Niko hapa."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Hatimaye mabega yake yalishuka, si kwa uhakika, ila kwa uchovu.

"Mjini kumebaki umbali gani?" aliuliza Mama Lusubilo, macho amefumba.

"Dakika ishirini, Mama."

"Haya. Nitazifikisha."

Walipita mashamba ya chai, migomba, kibanda cha chipsi kilichofungwa. Wipa zilikwenda na kurudi. Mzee alionekana kama mtu anayepanga kitu kichwani, akikiweka na kukiondoa, hadi akageuka kwa binti yake na uso uliotulia, uso wa baba wa zamani, anayeulizia mambo ya nyumbani.

"Na mama yako, Sekela? Tumemwacha na nani?"

Mvua ilipiga bodi. Sekela aliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mepesi, ya huruma: yuko njiani, Baba, anakuja. Alijua hata lafudhi ya kuyasemea, ule upole, namna ya kuvuta mwisho. Baba angetabasamu. Angelala hadi mjini. Alihisi koo lake lenyewe likilainika kujiandaa, na hilo lilimwogopesha kuliko lolote lililompata mchana ule.

Alipunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara, akazima wipa.

"Mama alifariki, Baba," alisema, kwa sauti yake kavu, yenye mkwaruzo. "Huu ni mwaka wa tano. Tulimzika wote, mimi na wewe."

Uso wa mzee ulijikunja polepole, kama wa mtu aliyepewa habari hiyo leo, na kwake ilikuwa leo. Alijifunika macho kwa viganja viwili akaanza kulia. Mama Lusubilo, bila kufumbua macho, alinyoosha mkono akamwekea begani.

Sekela alimwacha alie. Alihesabu pumzi za mtungi hadi kumi, kisha akawasha gari, kwa sababu hewa ilikuwa inakwisha.